Kiwanda Kilipokuwa Darasa

Kijana anapomaliza chuo cha ufundi bila kuimudu mashine, lawama huangushiwa mwalimu au mtaala. Historia ya mafunzo ya viwanda nchini Tanzania inatupeleka kwingine. Sheria ya wanagenzi ya mwaka 1940, enzi za Tanganyika chini ya Mwingereza, ilisimamia mafunzo yaliyotolewa mahali pa kazi. Shule za ufundi zilifuata: Ifunda mwanzoni mwa miaka ya 1950, mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, kisha Moshi mwaka 1957. Baada ya uhuru shule hizo zikageuzwa sekondari za ufundi, wakati ule ule viwanda vilipoanza kuongezeka. Kiwanda cha nguo cha Urafiki cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, na kile cha Mwatex cha Mwanza vyote vilianza kazi mwaka 1968. Mafundi mchundo wa kuviendesha wangetoka wapi? Jibu la serikali lilikuwa kurudi kwenye uanagenzi, na Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1974 ikauwekea mfumo: misingi chuoni, kama pale Chang'ombe, kisha mazoezi ndani ya kiwanda, na mwisho majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza.

Nguvu ya mfumo huo ilikuwa katika mgawanyo wa kazi. Chuoni mwanagenzi alibana kipande cha chuma kwenye jiriwa, akakipiga tupa, akakipima kwa guni ya pembe mraba, akakipiga tena mpaka mwanga usipenye kati ya chuma na kipimo. Kazi hiyo inachosha, na kiwanda chenye oda za kutimiza hakina subira nayo. Lakini chuo nacho hakiwezi kumfundisha kusikia beringi iliyoanza kuchoka katikati ya kelele za mamia ya mashine za kufuma, wala kuamua kama mashine izimwe sasa au isubiri mwisho wa zamu. Hayo aliyapata kwa fundi aliyemtangulia.

Wapo watakaosema uanagenzi ulikuwa njia ya kupata vibarua wa bei rahisi. Kwa kiasi ni kweli, hasa wakati wa ukoloni, ambapo Mwafrika angeweza kubaki saidia fundi miaka mingi huku ngazi za juu zikishikwa na Wazungu na Waasia. Wengine watasema kiwanda humfundisha mtu mashine moja tu, na ikifa, ujuzi wake unakufa nayo. Majaribio ya daraja ndiyo yaliyojibu hoja zote mbili: cheti kilitambuliwa nchi nzima, kwa hiyo fundi hakufungwa kwa bwana mmoja wala kwa mashine moja. Tatizo lilikuja kutoka upande mwingine. Miaka ya 1980 viwanda vya umma vilikosa vipuri na fedha za kigeni. Miaka ya 1990 vingi vikabinafsishwa au vikafungwa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ilirithi vyuo, lakini ule upande wa pili wa darasa ulikuwa unabomoka.

Hoja nzito zaidi ni ya leo: mashine zinazoongozwa na kompyuta zinahitaji hesabu na usomaji wa michoro, mambo ya shuleni. Nakubali. Lakini mashine hizo ni ghali na hubadilika haraka. Chuo kikinunua moja leo, baada ya miaka michache kinafundishia chombo ambacho viwanda vimekwisha kukiacha. Hapo umuhimu wa kiwanda unazidi. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, na wengi huona wamemaliza wajibu. Lakini tozo peke yake haimpi mwanagenzi nafasi kando ya mashine inayozalisha. Serikali iliporudisha uanagenzi katika miaka ya karibuni ilifanya jambo sahihi; sasa na impunguzie tozo kila mwenye kiwanda anayepokea wanagenzi na kuwafikisha kwenye mtihani.