FERUZI: ASILI YA RANGI NA FUNZO LAKE KWA MHAKIKI



Muhula mmoja nilikuwa nikisahihisha insha ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Alieleza bahari ya Watamu wakati wa jua la saa sita, akasema maji yalikuwa ya "rangi ya takwoizi." Nilipiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Hiki si Kiswahili!" Aliponijia kuuliza aandike nini badala yake, sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Asili ya neno

Neno alilolihitaji ni feruzi. Feruzi ni kito ambacho rangi yake iko kati ya samawati na kijani. Kumbuka, mpenzi msomaji, kuwa rangi zenye vivumishi halisi katika Kiswahili ni tatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi ya zilizosalia hukopa majina ya vitu: kijani kutokana na jani, kijivu kutokana na jivu, zambarau kutokana na tunda. Ndiyo maana twasema shati jeupe lakini shati la kijani. Vivyo hivyo, twasema shati la rangi ya feruzi.

Neno hili chanzo chake ni Uajemi, yaani Irani ya leo. Waajemi wa kale walikuwa na neno piruz, lenye maana ya mshindi, na jina la kito likafungamana nalo. Kiarabu hakina sauti /p/, hivyo neno likatamkwa kwa /f/, nasi tukalipokea kwa sauti hiyo. Aidha, Feruzi ni jina la wanaume kuanzia pwani yetu hadi Kongo.

Wafaransa nao walikiita kito hiki turquoise, yaani cha Kituruki, na Waingereza wakalichukua jina hilo. Hata hivyo, migodi mashuhuri ilikuwa Nishapur, kaskazini mashariki mwa Irani. Ulaya ilikipata kito kupitia biashara ya Waturuki, ikakipa jina la wachuuzi.

Je, rangi yenyewe hutoka wapi? Feruzi ni fosfeti ya shaba na alumini iliyochanganyika na maji. Shaba huleta samawati. Chuma kikiongezeka, kito huelekea kijani.

Maana na mvuto

Wamisri wa kale walichimba feruzi katika rasi ya Sinai, mahali paitwapo Serabit el-Khadim. Mungu wao wa kike, Hathor, alipewa lakabu ya Bibi wa Feruzi, na rangi hii ikahusishwa na furaha. Hapo ndipo Flinders Petrie alipopata, mwaka wa 1905, maandishi yaliyochorwa maweni karibu na migodi. Mwaka wa 1916, Alan Gardiner alisoma humo neno lenye maana ya "Bibi". Wataalamu wengi huyahesabu maandishi hayo miongoni mwa alfabeti za mwanzo kabisa. Kutokana na alfabeti hizo zilizuka herufi za Wafoinike, kisha za Kiarabu na za Kirumi. Hivyo basi, hati zilizotumiwa kuandika tenzi za kale za Pate na Lamu, na hizi unazosoma sasa, zina nasaba moja.

Kwa Waajemi, feruzi ilikuwa ishara ya ushindi na kinga dhidi ya jicho la husuda. Kuba la Msikiti wa Shah mjini Isfahan, ulioanza kujengwa mwaka wa 1611, lina rangi hii. Kwa Waazteki wa Meksiko, feruzi ilikuwa mali ya miungu na watawala. Neno lao xihuitl lilimaanisha feruzi na pia mwaka.

Kwetu je? Wanaakiolojia wamefukua Shanga na Manda vigae vya mitungi kutoka Ghuba ya Uajemi, vya karne ya 9, vyenye mng'aro wa rangi ya feruzi. Rangi hii, basi, si ngeni pwani.

Funzo kwa mtahiniwa

Watahiniwa wengi hukariri orodha: nyeupe ni usafi, nyeusi ni msiba. Feruzi yatufunza kinyume. Kito ni kilekile, lakini kwa Mmisri ni furaha, kwa Mwajemi ni kinga, kwa Mwazteki ni uungu. Ukikutana na rangi katika riwaya au shairi, jiulize: Nani anaitazama? Yuko katika mazingira gani? Rangi inarudiwa wapi, na nini hutukia inapotajwa? Kisha thibitisha jibu lako kwa matini. Orodha ya kukariri haina ushahidi huo.

Nasi walimu tusikosoe neno bila kutoa mbadala. Yule mwanafunzi nilimrudishia alama yake.

Zoezi

1. Taja rangi tano zilizopata majina kutokana na vitu, kisha utunge sentensi kwa kila moja.
2. Chagua rangi moja katika kitabu unachosoma. Eleza jinsi muktadha unavyoipa maana.