Mbio za Motokaa na Mfuko wa Mtu wa Kawaida

Michezo ni sehemu ya utamaduni, na kila mchezo una upande wake wa uchumi. Tunapoutazama mchezo wo wote, hatuna budi kuuliza si nani anayeshinda tu, bali pia nani anayeweza kuingia uwanjani. Mpira wa miguu umeenea duniani kote kwa kuwa hata mpira wa matambara watosha kuuanzisha. Mchezo wa mashine hauna bahati hiyo, kwani mwenye fedha nyingi hununua mashine iliyo bora. Je, mchezo wa namna hiyo waweza kubaki mikononi mwa watu wa kawaida? Historia ya mbio fupi za motokaa nchini Marekani, zijulikanazo kwa jina la dragi, yatupa jibu lenye manufaa.

Katika miaka ya 1930, vijana wa kusini mwa California walinunua magari makuukuu, wakayapunguza uzito, na kuzirekebisha injini kwa mikono yao wenyewe. Kisha waliyapeleka kwenye maziwa makavu ya jangwa la Mojave, kama vile Muroc, ili kupima mwendo wao. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana kuunda chama cha kusimamia mashindano hayo. Wakati huo ufundi ulikuwa mtaji mkubwa kuliko fedha. Lakini jangwa lilikuwa mbali, na Muroc ilichukuliwa na jeshi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wengi walishindana usiku katika barabara za umma, wakihatarisha maisha yao na ya wapita njia.

Wapenzi wa mchezo wenyewe ndio waliotafuta dawa. Mwaka 1950, C. J. Hart na wenzake walianzisha mashindano katika njia ya ndege ya uwanja wa Santa Ana. Mwaka 1951 Wally Parks aliongoza kuundwa kwa chama cha taifa, NHRA. Mwaka 1954 chama hicho kilituma kikundi kuzunguka nchi kikiifundisha miji namna ya kuendesha mashindano kwa usalama. Ziara hiyo ilipewa jina la Safari, neno letu la Kiswahili lililokwisha kuvuka bahari. Magari mawili yalisimama sambamba na kukimbia robo maili, yaani kama mita 402, kwenye njia iliyonyooka. Kijana aliweza kushindana kwa gari lile lile alilolitumia kwenda kazini.

Hata hivyo, tamaa ya mwendo haina kikomo. Katika daraja la juu ilizuka mitambo inayotumia mafuta maalumu ya naitromethini, ambayo injini zake hufunguliwa na kuundwa upya baada ya kila mkimbio wa sekunde chache. Fundi wa mtaani hakuweza kuifuata gharama hiyo.

Ndipo, hasa katika miaka ya 1970, ulipoenea utaratibu mwingine. Kila dereva huandika juu ya gari lake muda anaoukadiria kuutumia. Tuseme wa kwanza ameandika sekunde 15, na wa pili sekunde 11. Yule wa kwanza huruhusiwa kuondoka sekunde 4 mapema. Kila mmoja akitimiza kadirio lake, mshindi atakuwa yule aliyewahi kuitikia taa ya kuondokea. Lakini anayekwenda kasi kuliko muda aliouandika, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ameshindwa. Ahadi ni deni. Kwa kanuni hiyo, kununua injini kubwa zaidi hakumpi mtu ushindi. Kinachompa ushindi ni kulijua gari lake na kutulia.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani, ili la bei ndogo lisipimwe kwa la bei kubwa. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano hapo awali.

Basi twaona kwamba unafuu wa mchezo haulindwi na nia njema peke yake. Hulindwa na kanuni, na pia na uwanja. Santa Ana ilifungwa mwaka 1959. Uwanja wa Lions, karibu na Long Beach, ulioanzishwa mwaka 1955 kwa shabaha ya kuwatoa vijana barabarani, ulifungwa mwaka 1972. Kila uwanja unapofungwa, au kiingilio kinapowashinda vijana, barabara ya umma huwa ingali pale ikiwangojea, na gharama yake hulipwa kwa roho za watu.

Kwa hiyo walimu na wanafunzi wanaounda vilabu vya michezo shuleni na wazitazame kanuni zao kwa jicho hili. Kabla ya kununua kombe, waulize kama mwanafunzi asiye na kitu ataweza kushindana, na kama akishindana kwa juhudi ataweza kushinda.