Mazizi Makuu ya Chantilly

Mazizi Makuu ya Chantilly, kaskazini ya Paris nchini Ufaransa, ni majengo ya farasi ya kasri la ukoo wa Condé, nayo kwa adhama yake humfanya mgeni adhani kuwa ndiyo kasri lenyewe. Louis-Henri, Duke wa Bourbon, aliamuru yajengwe mwaka 1719 kwa ramani za msanifu Jean Aubert. Yana urefu wa mita 186, nayo yaliweza kuhifadhi farasi 240, pamoja na mbwa wengi wa mawindo. Katikati limeinuka kuba la mawe, na chini yake ipo hodhi ya maji iliyopambwa kwa sanamu za farasi. Husimuliwa kwamba Duke aliamini atazaliwa tena akiwa farasi. Lakini shauku yake ya uwindaji yatosha kuwa sababu ya kujenga mazizi hayo. Alifariki mwaka 1740, kazi haijatimia. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kasri kuu lilibomolewa, ilhali mazizi, kwa bahati njema, yalisalimika. Mbio za farasi zilianza uwanjani mbele yake mwaka 1834, na tangu 1982 yamo makumbusho ya farasi.