Buji: Kwa Nini Wazee Waliikwangua na Kwa Nini Sisi Tuibadili

Siku moja wakati wa mvua tulimchukua mama mmoja mgonjwa toka hapa Mulungwishi kumpeleka hospitalini Likasi. Motokari yetu ndogo ya Kijapani ilikuwa imekwisha kwenda zaidi ya kilometa 200,000. Juma lililotangulia tulikuwa tumefungua buji zake nne, tukazikwangua kwa msasa na kuzirudisha, kama tulivyowaona wazee wakifanya. Basi, kwenye mlima injini ikaanza kukohoa na kutetemeka, nguvu ikaisha. Tulifika tumechelewa mno. Namshukuru Mungu, tena twamshukuru sote, mama alipona. Lakini fundi alipozitazama zile buji alituambia: “Ninyi wenyewe mmeziua.”

Je, wazee wetu walikosa? Hapana. Tuitazame historia ya kitu hiki kidogo, nasi tutaelewa.

Jina lenyewe lina habari yake. Buji ni neno la Kifaransa, maana yake mshumaa. Nalo lilitoka Afrika: mji wa Bejaia katika Algeria, ambao Wafaransa waliuita Bougie, zamani uliuza nta huko Ulaya, hata mshumaa wa nta ukapewa jina la mji. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huiita plagi. Kazi yake ni kuwasha esansi na hewa ndani ya silinda kwa cheche ya umeme.

Mwaka 1860, mjini Paris, Etienne Lenoir alitengeneza injini ya gesi iliyowashwa kwa cheche. Bwana huyo alizaliwa mwaka 1822 huko Mussy-la-Ville, kijiji ambacho leo ni cha Ubelgiji. Lakini kupata cheche ya kutegemewa kulikuwa kazi ngumu, na kwa miaka mingi injini nyingine ziliwashwa kwa bomba dogo lililochomwa moto mpaka likawa jekundu. Ndipo mwaka 1902 Gottlob Honold, aliyefanya kazi kwa Robert Bosch mjini Stuttgart, akatengeneza magneto ya umeme wa nguvu nyingi pamoja na buji yake. Tangu hapo buji ikaenea duniani.

Sasa tuone jinsi inavyochakaa. Betri ya motokari hutoa volti 12. Bobini huzipandisha hata kupita 20,000, na umeme huruka katika nafasi ya milimeta moja hivi kati ya ncha mbili. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila buji hutoa cheche 1,000. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, hizo ni cheche 1,000 kila kilometa. Toka Likasi mpaka Lubumbashi, kilometa 120 hivi, ni cheche 120,000. Kila cheche hula chembe ndogo ya chuma cha ncha. Nafasi huzidi kupanuka, mpaka siku moja umeme hushindwa kuruka, hasa injini ikibeba mzigo mlimani. Esansi hutoka bila kuungua: fedha yapotea bure.

Mbona basi wazee walikwangua? Mwaka 1921, katika Marekani, Thomas Midgley aligundua kwamba risasi ikitiwa katika esansi huzuia injini isigonge. Lakini risasi hiyo iliacha uchafu juu ya kauri ya buji, na umeme ukapotelea humo. Tena ncha za siku zile zilikuwa nene, za nikeli. Dereva wa Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa hadi mwaka 1966, alifanya vema kusafisha buji na kurekebisha nafasi yake. Adui yake alikuwa uchafu.

Mambo yamegeuka. Mwaka 2001, huko Dakar, nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana kuiacha esansi yenye risasi, na mwaka 2006 ulipoanza ilikuwa imeondolewa karibu pote. Algeria, nchi ile ile ya mji wa Bougie, ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Tena buji nyingi za leo zina ncha ya platinamu au iridiamu, nyembamba hata milimeta 0.6 au 0.4. Buji ya namna hiyo yaweza kwenda kilometa 100,000. Ile ya nikeli huenda 30,000 hivi. Msasa huvunja ncha nyembamba. Adui wa leo ni uchakavu, na uchakavu hausafishwi.

Basi, mwenye motokari iliyokwenda mbali afanye hivi. Angoje injini ipoe. Apulize vumbi kabla ya kufungua, lisiingie silindani. Atazame kila buji: rangi ya kahawia hafifu ni afya, masizi meusi ni esansi nyingi, mafuta ni dalili ya injini iliyochoka, ncha nyeupe iliyoungua ni joto kupita kiasi. Anunue namba ile ile iliyoandikwa na mtengenezaji, abadili zote pamoja, aanze kuzifunga kwa vidole, kisha akaze kwa kiasi.

Wazee walitufundisha kuitunza motokari, na fundisho hilo halijazeeka. Tuwaheshimu kwa kuuliza sababu ya walilolifanya, maana siku ile mlimani tulifuata mkono wao tu, na mgonjwa ndiye aliyelipa.