Wayahudi wa Nairobi: Tarehe Fupi

Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi ambayo haikuwa yake. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, alikuwa amepanda reli mpya kutoka Mombasa mwishoni mwa 1902, akaona nyanda zenye baridi na majani, akafikiri amepata mahali pa kuwaweka watu waliokuwa wakiuawa katika himaya ya Urusi. Aprili 1903, Wayahudi wapatao 49 walichinjwa mjini Kishinev kwa siku mbili. Agosti mwaka huohuo, mjini Basel, Theodor Herzl aliliweka pendekezo la Waingereza mbele ya mkutano wa sita wa Wazayuni. Kura 295 zilikubali tume iende kukagua, 178 zikakataa, na wajumbe wengi kutoka Urusi, wale hasa waliokuwa wakitafutiwa hifadhi, wakatoka ukumbini kwa hasira.

Ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, kule iliko Eldoret leo. Lakini watu waliuita Mpango wa Uganda, kwa kuwa hadi 1902 upande ule ulihesabiwa kuwa Uganda, na jina likaganda hata mpaka ulipokwisha kuhamishwa. Wanandi na Wamasai hakuna aliyewauliza. Waliopinga kwa sauti kubwa ni walowezi wa Kizungu wakiongozwa na Lord Delamere, nao hawakuwa wakiwatetea Wanandi. Hawakutaka Wayahudi kuwa majirani. Tume ya watu watatu ilitumwa mwishoni mwa 1904, Herzl akiwa kaburini tangu Julai, na 1905 mkutano uliofuata ukalikataa pendekezo moja kwa moja. Mwaka 1908 Makaburu wakapanda na magari yao ya ng'ombe, wakaitwaa Uasin Gishu. Wao pia hawakuuliza.

Vitabu vingi hufunga sura hapo. Tarehe ya Wayahudi wa Nairobi, hata hivyo, haimo ndani ya mpango ule. Imo pembeni yake. Wakati mabwana wakubwa wanapiga kura Basel, watu wachache walikuwa wameshashuka bandarini Mombasa kwa nauli zao wenyewe, na hawakwenda kulima Uasin Gishu. Walikwenda mjini kuuza vitu.

Anayejulikana zaidi ni Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, aliyefika 1903 akitokea Afrika Kusini baada ya kusikia habari za koloni jipya. Nairobi ilikuwa kambi ya reli iliyoanza kujiona mji. Block aliona watu wanalala vibaya, akashona magodoro na kuyajaza majani makavu. Alilima, alichuuza, akanunua na kuuza viwanja, na 1927 akainunua Hoteli ya Norfolk, ambayo ilifunguliwa mwaka mmoja tu baada ya yeye kufika. Mwaka 1947 akaongeza New Stanley. Hoteli ya Norfolk ilikuwa na doa lake kabla hajaigusa: Machi 1922, umati uliokusanyika kudai mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe ulipopigwa risasi na polisi, walowezi waliokuwa wakinywa kwenye baraza ya hoteli walijiunga kufyatua. Barabara inayopita mbele yake leo inaitwa Harry Thuku.

Jumuiya ilijiunda mapema, na jiwe la msingi la sinagogi ya kwanza likawekwa 1912. Sinagogi iliyopo sasa, ya miaka ya 1950, iko kwenye kona ya University Way na Uhuru Highway, ikitazamana na chuo kikuu. Kutoka hapo hadi Norfolk ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na jambo hilo si dogo: Mwisraeli au mfanyabiashara wa London anayeishika Sabato hapandi gari siku hiyo, kwa hiyo kitanda lazima kiwe karibu na sala.

Na Sabato yenyewe ni rahisi Nairobi kuliko karibu mahali popote. London, wakati wa kiangazi, jua huchelewa hadi saa tatu usiku, na Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri. Mama mwenye nyumba huangalia kalenda kila Ijumaa. Huku kwetu, jirani na ikweta, jua huzama saa kumi na mbili na nusu, likipungua au kuzidi robo saa. Mishumaa huwashwa saa ileile Januari na Julai. Mswahili naye hahitaji kuelezwa kwa nini Sabato inaanza Ijumaa jioni, maana kwake pia siku mpya huingia jua linapotua.

Chakula ndicho chenye kazi. Kwanza samaki: sheria inataka mapezi na magamba. Ngege anapita, mbuta anapita, changu wa pwani anapita. Kambale hana magamba, hapana. Papa, pweza, ngisi, kamba na kaa wote hapana, na hapo ndipo Mpwani anapowaonea huruma wenzake. Nyama ni lazima ichinjwe na mchinjaji aliyesomea na kuidhinishwa. Ya halali haitoshi, ingawa mambo mawili hayo ni ndugu. Sehemu ya nyuma ya ng'ombe kwa kawaida haitumiki, kwa sababu mshipa wa paja umekatazwa na kuutoa ni ufundi wa watu wachache. Kisha nyama na maziwa havikutani. Anayekula nyama choma halafu akashushia maziwa lala amevunja sheria; wengi husubiri saa sita baina ya hiki na kile.

Pasaka hubana zaidi. Kwa siku nane hakuna chochote cha ngano au shayiri kilichoumuka, na unga uliolowa maji ukipita dakika 18 bila kuokwa unahesabiwa umeumuka. Ndiyo maana hata chapati, isiyo na hamira, imekataliwa: wanawake wetu huukanda unga wakauacha upumzike nusu saa ndipo chapati itoke laini. Wayahudi wa Ulaya mashariki, ambao ndio waliianzisha jumuiya ya Nairobi, wana marufuku ya ziada juu ya nafaka na kunde: mahindi, mchele, maharagwe, dengu. Kwa hesabu hiyo, ugali, wali, githeri na ndengu vyote vinatoka jikoni. Hubaki viazi, mayai, kuku, samaki na mboga. Mtu wa Lithuania akija nchi ya Kinangop, inayoota viazi kama magugu, hawezi kusema amesahauliwa.

Mvua nayo inakwenda kinyume. Siku ya kwanza ya Pasaka sinagogi huacha kuomba mvua na kuomba umande, maana kule Israeli kiangazi kinaingia. Nairobi, Machi au Aprili, ndipo masika yanaanza kunyesha. Waliosali wanatoka nje na miavuli.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 walikuja watu wa namna nyingine: mawakili, madaktari na wenye maduka wa Ujerumani, waliomkimbia Hitler bila kujua kukamua ng'ombe, wakapangiwa kazi za usimamizi wa mashamba. Stefanie Zweig aliletwa 1938 akiwa mtoto, akakua na Kiswahili kinywani, na riwaya yake juu ya miaka ile, iliyotoka 1995, ilitengenezewa filamu iliyopata tuzo ya Oscar. Vita vilipoanza 1939, serikali ya koloni iliwaweka kizuizini Wayahudi hao kwa kuwa pasipoti zao zilikuwa za Kijerumani. Wanaume walipelekwa makambini. Wanawake na watoto, kama Zweig anavyosimulia, waliwekwa Norfolk. Aliyekimbia Wanazi akafungwa kama Mnazi, ndani ya hoteli ya Myahudi.

Miaka michache baadaye Waingereza walileta Gilgil wapiganaji wa Kiyahudi waliokuwa wakiwapiga vita Palestina. Mmoja wao, Meir Shamgar, alikuja kuwa rais wa Mahakama ya Juu ya Israeli. Walirudishwa 1948, dola yao ikiwa imeshazaliwa.

Sheria za rangi ziliwahesabu Wayahudi kuwa Wazungu, ingawa vilabu vingine vya Wazungu viliwafungia milango. Mwaka 1955 Israel Somen akawa meya wa Nairobi. Ni fahari ya jumuiya, na ni haki yao, lakini tarehe haiwezi kunyamaza juu ya wakati wenyewe: mwaka uliotangulia, Aprili 1954, Operesheni Anvil ya serikali ya koloni ilikuwa imezoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka mitaa ya mji huo huo na kuwapeleka kambini. Meya alikuwa mtoto wa taifa lililojua kambi. Baraza la mji lilikuwa la walowezi.

Uhuru ulipofika 1963, familia nyingi ziliondoka kwenda Uingereza, Afrika Kusini au Israeli. Mahali pao wakaja wahandisi na wataalamu wa kilimo kutoka Israeli, watu wa mikataba ya miaka miwili mitatu. Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli 1973, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ikaurudisha 1988, lakini katikati yake mlango wa nyuma haukufungwa. Julai 1976 ndege za Israeli zilizowaokoa mateka Entebbe, Uganda, zilitua Nairobi kujaza mafuta. Idi Amin alilipiza kwa Wakenya waliokuwa Uganda. Usiku wa 31 Desemba 1980, bomu lililipuka Norfolk watu wakisubiri mwaka mpya. Zaidi ya kumi walikufa, na shambulio likahusishwa na kisasi cha Entebbe.

Siku hizi sinagogi ina geti na walinzi, na mgeni hutakiwa kutoa taarifa mapema. Walioko ni mamia machache, wengi wapitaji. Sala ya jamaa inataka wanaume kumi, hesabu ndogo ukiilinganisha na arobaini wa Ijumaa kwa Mashafii, na bado kuna siku haitimii.

Wakati huohuo, nchi iliyotoa jina la mpango wa 1903 ilipata Wayahudi wake bila kura ya Basel. Karibu na Mbale, jemadari Semei Kakungulu alitahiriwa 1919 pamoja na wafuasi wake, na jamii ya Abayudaya ipo hadi leo. Rabi wao, Gershom Sizomu, aliingia bungeni 2016. Huku Kenya, upande wa Nyandarua, kikundi cha Wakikuyu walioacha kanisa kimejifunza kwao. Sinagogi ya Nairobi hufuata mapokeo makali, yasiyotambua uongofu uliosimamiwa na marabi wa tawi jingine, kama ule wa Abayudaya wengi walioingizwa rasmi 2002. Kwa hesabu hiyo, anayetoka Mbale au Nyandarua akaingia Jumamosi asubuhi atapewa kitabu cha sala na kiti. Lakini wakiwa tisa, yeye hahesabiwi, na wa kumi itabidi atafutwe kwingine.