Hewa ya Tanga haikuwemo kwenye hesabu

Wadau, aliyewahi kutembea Tanga mjini saa nane mchana mwezi wa Machi anaijua ile hewa. Shati linakugandia mgongoni kabla hujafika stendi. Hewa hiyohiyo huyachelewesha mawimbi ya setilaiti, na wataalamu wamehangaika nayo zaidi ya miaka 50.

GPS hupima umbali kwa kutumia muda: mawimbi yametoka lini angani, yamefika lini kwenye antena. Yakiingia kwenye hewa ya chini, hii yenye mawingu na mvua, mwendo unapungua kidogo na umbali unaonekana mrefu kuliko ulivyo. Setilaiti ikiwa utosini, usawa wa bahari pale Tanga, hewa kavu peke yake huongeza karibu mita 2.3. Mvuke huongeza sentimita 30 hivi. Ukipanda Lushoto hewa ni nyepesi, ile 2.3 inashuka hadi karibu 1.95. Setilaiti ikiinama karibu na upeo wa macho, kosa linapita mita 20!

Mwaka 1969 Helen Hopfield, Mmarekani aliyeshughulikia Transit, setilaiti za jeshi la majini zilizotangulia GPS, alitoa kanuni ya kurekebisha kosa hilo. Mwaka 1972 Mfini Jouko Saastamoinen akatoa yake: pima mgandamizo wa hewa pale ulipo, na sehemu ya hewa kavu umeimaliza. Mkorofi ni mvuke. Haujipangi sawasawa, na kipimo cha ardhini hakikuambii kilichoko kilomita tatu juu.

Halafu 1996 ikaja kanuni ya Arthur Niell, wa kituo cha Haystack, Massachusetts. Hii inaeleza kosa linavyokua setilaiti inavyoinama, na ilitumika sana. Ila ukilifungua jedwali lake utakuta linaanzia latitudo ya nyuzi 15. Aliye karibu zaidi na ikweta anapewa namba za nyuzi 15, namba zisizobadilika na majira. Tanga iko nyuzi 5 kusini. Kwa hiyo masika, kipupwe na kaskazi kwake vyote ni kitu kimoja! Sisemi tulidharauliwa. Takwimu za hewa alizotumia zilikuwa za kaskazini mwa dunia, na kusini ilihesabiwa kama kaskazini iliyosogezwa miezi sita.

Utasema hayo ni ya wapima ardhi. Lakini kosa hili halikusogezi sana pembeni, linakupandisha au kukushusha. Milimita 1 ikikosewa utosini, kimo kinaweza kukosewa kama milimita 3. Sasa fikiria Maziwe, mbele ya Pangani. Kilikuwa kisiwa chenye miti. Leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Je, bahari imepanda, ardhi imeshuka, au mikondo imebeba mchanga? Swali la ardhi linajibiwa kwa milimita, mwaka hadi mwaka.

Mwaka 2006 Johannes Boehm wa Vienna na wenzake walitoa kanuni iliyotokana na takwimu za hali ya hewa za dunia nzima, ikweta ikiwemo. Bahati nzuri vipimo ghafi vya zamani vilitunzwa, vikiwemo vya Malindi, kwenye kambi ya Waitalia, ambako antena ya mtandao wa kimataifa iliwekwa miaka ya 1990. Vituo vya mtandao huo vimehesabiwa upya tangu 1994, safari hii kwa kanuni zinazojua kwamba ikweta nako kuna majira.