Faragha ya mtoto mtandaoni: sheria za nchi jirani zasemaje mzazi anapochapisha picha?

Katika familia nyingi za Waswahili, mtoto mchanga hakutolewa nje kabla ya arobaini. Jamaa walikuja kumwona chumbani, wachache wachache, na mama ndiye aliyeamua nani aingie. Siku hizi picha ya mtoto huyo huweza kuwafikia mamia ya watu kabla hajatimiza saa 24 duniani, pamoja na jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa na jina la hospitali. Anayeisambaza ni mzazi mwenyewe, tena kwa furaha na nia njema.

Makala hii inaeleza jinsi sheria za nchi jirani zinavyolinda faragha ya mtoto, mahali ulinzi huo unapoishia, na wajibu unaobaki mikononi mwa mzazi.

Msingi wa haki hiyo

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, unaeleza katika kifungu cha 16 kwamba mtoto asiingiliwe kiholela katika mambo yake ya faragha, wala asivunjiwe heshima. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, unarudia kanuni hiyo katika kifungu cha 10, huku ukitambua haki ya wazazi kusimamia mwenendo wa watoto wao kwa kiasi kinachofaa. Hapa kwetu Burundi, kifungu cha 19 cha Katiba kinazifanya haki zilizomo katika mkataba wa mwaka 1989 kuwa sehemu ya Katiba yenyewe.

Mikataba hiyo iliandikwa kabla ya simu zenye kamera. Ndiyo maana mwaka 2021 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilitoa Maoni ya Jumla namba 25 kuhusu mazingira ya kidijitali. Humo imetajwa waziwazi kwamba tishio kwa faragha ya mtoto laweza kutoka hata ndani ya familia, kwa mfano wazazi wanaposambaza picha mtandaoni.

Sheria za nchi jirani

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakataza kushughulikia taarifa za mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Sheria hiyo imekwisha kuonyesha makali yake: mwezi Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Uganda nayo ilitunga sheria mwaka 2019 inayodai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto. Rwanda, kwa sheria yake ya Oktoba 2021, inadai ridhaa hiyo kwa mtoto aliye chini ya miaka 16. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume maalumu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliweka kanuni za taarifa binafsi ndani ya Sheria yake ya Kidijitali ya Machi 2023.

Mlinzi anapokuwa ndiye mchapishaji

Kenya, Uganda na Rwanda zinamweka mzazi mlangoni: anayetaka kutumia taarifa za mtoto lazima apate ridhaa yake kwanza. Lakini mzazi anapochapisha mwenyewe, hakuna wa kuombwa ridhaa. Isitoshe, sheria ya Kenya haihusu mambo ambayo mtu anayafanya kwa shughuli zake binafsi au za nyumbani tu. Shule ya Nairobi ilitozwa faini kwa kukosa idhini ya wazazi. Mzazi akiweka picha ile ile kwenye stetasi yake ya WhatsApp, hana idhini ya kutafuta.

Ufaransa imejaribu kuziba pengo hilo. Sheria ya tarehe 19 Februari 2024 inawapa wazazi wote wawili jukumu la pamoja la kulinda picha ya mtoto, inawataka wamshirikishe kulingana na umri na ukomavu wake, na inamruhusu hakimu kumzuia mzazi mmoja kuchapisha bila idhini ya mwenzake.

Yaliyo hatarini

Hatari ya kwanza ni kutambulika. Sare ya shule, lango la nyumba na pongezi za siku ya kuzaliwa, vikiunganishwa, humwambia mgeni mtoto ni nani, ana umri gani na anapatikana wapi. Kwa baadhi ya watoto, hilo ni suala la uhai. Watu wenye ualbino, wakiwemo watoto, wameshambuliwa na kuuawa nchini Burundi na Tanzania kwa sababu ya imani za kishirikina. Picha ya mtoto wa namna hiyo ikiambatana na jina la kijiji chake ni anwani iliyokabidhiwa kwa mtu asiyejulikana.

Hatari ya pili ni ugonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mzazi anayeomba msaada wa matibabu hastahili lawama. Hata hivyo, mchangiaji anahitaji kujua kiasi kinachotakiwa na namna ya kuthibitisha ukweli wake. Hahitaji kuona mwili wa mtoto ukiwa wazi kitandani. Mtoto atapona, lakini picha itabaki.

Ya tatu ni aibu. Video ya mtoto akikaripiwa kwa kukojoa kitandani huchekesha ukumbi mzima leo. Miaka kumi baadaye huenda ikazungushwa darasani na wenzake.

Hatua za kuchukua

Kabla ya kuchapisha, mzazi aondoe jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, shule na mahali. Azime huduma ya mahali katika kamera ya simu, kwani picha huweza kubeba ndani yake taarifa za ilipopigwa. Asichapishe picha ya mtoto akiwa uchi, akioga, akilia au akiadhibiwa. Bibi, shangazi na wajomba waelezwe mapema kwamba picha za kikundi cha familia zisitoke humo.

Mtoto anayeweza kujibu aulizwe, na akikataa, neno lake liheshimiwe. Picha iliyokwisha kutoka na ifutwe, na waliotumiwa waombwe kufuta nakala zao, ijapokuwa maji yakimwagika hayazoleki.

Sheria hizi zimemwamini mzazi kwa sababu mtoto bado hawezi kujisemea. Ridhaa anayoitoa ni amana ya mtoto, na siku moja mwenyewe atakua na kuuliza ilitumiwaje.